Simu Iliyosalimia Kisha Ikaondoka

Siku niliyokabidhi ufunguo wa chumba changu cha kazi, wenzangu walikata keki, wakanipa blanketi na mwavuli: zawadi za mtu anayetarajiwa kukaa ndani na, akithubutu kutoka, anyeshewe. Nelly, mwanasaikolojia kijana aliyekirithi chumba hicho, hakunipa kitu. Yeye aliniomba. Alitaka niwaandikie yeye na wenzake mambo niliyoyaona kazini, yale ambayo chuoni hayafundishwi. Sasa niko nyumbani Silibwet, ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, mume wangu amechoshwa na ushauri ambao hakuuomba, na sina kisingizio tena.

Vyeo nitavipita. Havikuwa vingi, na hata hivyo vichache vilinifikia vikiwa vimechoka. Nitaandika juu ya kungoja. Kwa miaka mingi watu wa milima hii ya chai ya Bomet walikuwa wakiningoja mimi, na si kwa sababu nilikuwa hodari. Nilikuwa peke yangu.

Nilifika hospitalini na shahada ya pili ya saikolojia, viatu vya kisigino na imani kubwa. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vyandarua. Kilikuwa na meza, kiti kimoja cha kawaida, na kingine kilichotoka kwa daktari wa meno, ambacho kilimfanya kila aliyekikalia afungue mdomo bila kuambiwa. Kwa kazi yangu hilo lingekuwa jambo jema, ila walikuwa wakiufungua na kunyamaza. Wagonjwa waliniita Sister ingawa mimi si muuguzi. Mwanzoni niliwasahihisha. Baadaye nikaelewa kwamba mwanamke akiwa hospitalini na hajalazwa, basi ni Sister, na mjadala umefungwa.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mama Kerubo, muuguzi wa magonjwa ya akili. Wazazi wake walitoka Gusii wakahamia Chepilat kuuza ndizi, naye alikulia huko. Alizungumza Kikipsigis kwa lafudhi ya Kikisii, na Kiswahili kwa lafudhi ya zote mbili. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee kutoka Chepseon, koti limefungwa vifungo vyote, kofia magotini. Nilimuuliza anajisikiaje. Akasema vizuri. Usingizi? Vizuri. Chakula? Vizuri. Nikamtakia safari njema, nikafurahi jinsi kazi hii ilivyo nyepesi.

Mama Kerubo alinikuta mlangoni.

"Huyo mzee amekwambia nini?"

"Amesema yuko sawa."

"Ametoka Chepseon giza ikiwa bado, amekaa kwa benchi mpaka saa hii, ndio akwambie yuko sawa?"

"Ndivyo alivyosema, Mama."

"Wewe msichana wa yunivasiti, hebu weka hiyo kalamu mfukoni."

Alimkimbilia mzee hadi getini, akamrudisha amemshika mkono, akamketisha kwenye kiti changu, yeye mwenyewe akakalia kile cha meno. Akamsalimu upya, "Chamgei," na mzee akamjibu kwamba ni mzima sana. Akauliza barabara ilikuwaje. Akauliza kama mvua imefika Chepseon, na mahindi yamefika wapi. Mzee alijibu moja moja: nzuri, imefika, yako magotini. Kisha Mama Kerubo akauliza, kama mtu anayewaza jambo jingine, "Na leo umeachia nani ng'ombe?"

Mzee akaitazama kofia yake. "Hakuna mtu," akasema. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wako mbali, na hilo ndilo lililomtoa Chepseon. Alilia mpaka nikasahau kwamba kuna wengine kwenye benchi.

Mama Kerubo hakunieleza chochote. "Sasa toa kalamu," akaniambia, akaenda zake kunywa chai.

Miaka ikapita, naye akastaafu akarudi kwenye ndizi zake. Foleni yangu ikawa ndefu. Mashine za kuchumia chai ziliingia mashambani, na watu waliokuwa wamechuma maisha yao yote wakajikuta nyumbani mchana, hawajui wafanye nini na mikono yao. Kulikuwa na wajane, walioungua, wasichana waliotoroka kwao, wanaume walioletwa na wake zao na waliokaa wakitazama mlango. Mtu alikuja mara moja nikamsikiliza, nikapima hali yake, nikamwambia atapigiwa simu nafasi ikipatikana. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo ya wiki nyingi, na saa zangu hazikuweza kunyumbuka. Walingoja miezi. Siku moja nilimpigia mwanamke mmoja kumwambia zamu yake imefika, simu ikapokelewa na kaka yake, na kwa jinsi alivyotamka "haloo" nikajua nimechelewa. Kisa chake sitakiandika. Nakitaja ili mjue kwa nini, watu wa simu walipokuja, sikuwafukuza.

Walikuja kutoka Nairobi, vijana wasafi wenye tarakilishi nyembamba, na kiongozi wao alikuwa Brian. Wazo lao lilikuwa zuri na hadi leo nasema ni zuri. Kila anayengoja awekewe programu kwenye simu janja yake. Asubuhi simu imuulize hali yake. Mchana impe zoezi fupi: namna ya kupumua kifua kikibana, namna ya kupanga jambo moja dogo la kufanya leo, namna ya kukiangalia chumba na kutaja vitu vinavyoonekana pale mawazo yanapomvuta mtu nyuma. Mara kwa mara sauti ya mtu impigie. Anayezidiwa abonyeze kitufe kimoja apate msaada. Wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, tuliwaazimisha simu janja chache. Kwa kifupi, mtu asingoje peke yake.

Tulianza kwa vituko. Alama ya programu ilikuwa picha ya ubongo, na hakuna mtu wa Bomet anayetaka shemeji yake auone ubongo kwenye simu yake. Tukaibadilisha, tukaweka jani la chai. Wiki hiyo hiyo majirani wakaanza kuwauliza wagonjwa wetu kama bonasi ya mwaka ya wakulima wa chai imetangazwa. Sauti ya mazoezi nayo ilikuwa ya msichana aliyetamka Kiswahili kana kwamba anasoma taarifa ya habari, na wazee walikuwa wakimaliza kupumua wanangoja michezo na hali ya hewa. Ikabidi warekodi sauti ya mtu wa hapa. Nilijitolea. Nilipojisikiliza nikagundua kwamba shahada zangu zote hazijauondoa Ukipsigis kinywani: "Bumua ndani, bumua nje." Brian alitaka turudie. Wagonjwa wakakataa. Walisema sasa ndio wanaelewa. Tangu siku hiyo programu ikaitwa Sister wa Simu, nami, wa kusalimiwa kwa mkono, nikawa Sister wa Mkono.

Na ilifanya kazi. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiogopa kuingia darasani alifika kwangu akiwa tayari amejifunza kupumua, tukaanza mbele badala ya nyuma. Watu walijibu ujumbe wa asubuhi kwa bidii ambayo hata mimi sijawahi kuonyesha kwa jambo lolote la asubuhi. "Habari ya asubuhi? Unajisikiaje leo?" simu iliuliza, na chini yake nyuso za kubonyeza, kuanzia ile inayolia hadi ile inayocheka. Wengi sana walicheka. Brian alichora mchoro, na mstari ukapanda kama barabara ya kutoka Sotik. Mkubwa wangu wa hospitali akaubandika ofisini. Kisha ukaja utaratibu mpya kutoka Nairobi: atakayejibu vyema kwa majuma mfululizo atahesabiwa amepata nafuu, atatumiwa ujumbe wa hongera, na nafasi yake kwenye foleni itapewa mwingine. Foleni ikafupika. Nikaenda nyumbani mapema, mume wangu akashtuka.

Wakati huo ndipo Chebet alipokuja. Mume wake, Wesley, alikuwa dereva wa lori la majani, lile linalozunguka vituo vya kununulia kuyabeba majani mabichi hadi kiwandani. Kwenye kona moja karibu na Chepilat, mvua imenyesha, udongo wa maramu umekuwa sabuni, lori lilipinduka. Wesley alitoka na mkwaruzo. Tanboi wake, msaidizi aliyefanya naye kazi kwa miaka, hakutoka. Chebet alikuwa amemleta kwangu baada ya mazishi, nikamsikiliza, nikamuuliza maswali yote yanayopaswa kuulizwa, hata lile la kutotaka kuishi. Wakati huo alisema hapana na nilimwamini. Nikamweka kwenye foleni, na Sister wa Simu mfukoni mwake.

Sasa Chebet alikuwa amesimama mlangoni mwangu bila miadi, leso imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka jikoni mbio.

"Sister, Wesley amepewa hongera."

"Hongera ya nini?"

"Hiyo ndio nimekuja kuuliza. Simu imesema amepona."

"Na wewe unaonaje?"

Alikaa kwenye kiti cha meno. "Jana amepelekea kaka yake ng'ombe. Yule wa maziwa. Nikamuuliza mbona, akasema kaka yake ako na watoto. Sisi pia tuko na watoto, Sister. Leo asubuhi ameosha ile jaketi yake ya kazi, akakunja, akasema atampea kijana wa jirani. Ameongea vizuri. Ameongea vizuri sana, mpaka nikaogopa."

Ninyi mnaoanza, likumbukeni neno hilo la Chebet. Mtu aliyekuwa na giza muda mrefu, kisha akaanza kugawa vitu vyake na kutulia ghafla, huyo hangoji kesho. Nilimuuliza yuko na nani saa hiyo. Na mama yake, akasema. Nikampigia yule mama asitoke hapo, nikamwambia aliyekuwa zamu kwamba wagonjwa wangu wa mchana waombwe radhi, tukaingia kwenye gari langu.

Gari langu lilinunuliwa na mtu aliyewazia lami. Tulipoacha barabara kuu mvua ilikuwa imetutangulia. Kwenye mteremko wa mwisho gari liligeuka upande kwa utulivu mkubwa, likajilaza mtaroni. Wanawake waliokuwa wakitoka kituo cha kununulia na makapu matupu mgongoni walikuja kusukuma, nami nikashuka kusukuma nao, kwa sababu dereva aliyenaswa akibaki ndani anasemwa. Gari halikutoka. Matope yalinifika magotini, na kiatu kimoja kilibaki huko mpaka mama mmoja akaniopolea, akanipa kama anayempa mtoto. Tukamalizia safari kwa miguu.

Wesley alikuwa amesimama kwenye veranda. Alikuwa amekonda, amenyoa, shati safi.

"Karibu, Sister. Habari ya safari?"

"Nzuri sana," nikasema.

Alitazama viatu vyangu. Akapandisha macho taratibu hadi magotini, akayarudisha chini. Chebet aligeuka upande akajifanya anafunga leso.

"Nzuri sana," Wesley akarudia. "Na gari iko wapi?"

"Kwenye mtaro."

"Lakini safari ni nzuri."

"Nzuri kabisa," nikasema, na nikasimama pale kama mtu aliyepigwa kofi na mkono wake mwenyewe.

Kwa sababu sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimesalimiwa, na nikajibu salamu. Tangu niliposhikwa mkono na mama yangu kupelekwa kwa majirani, nilifundishwa kwamba anayekuuliza habari hujibiwa nzuri, hata kama umebeba habari ya kifo. Habari ya kifo itakuja, ina zamu yake, baada ya kuketi. Mtu anayemwaga shida zake kwenye salamu hajafunzwa. Na sisi tulikuwa tumeiweka simu mlangoni mwa watu wastaarabu kila asubuhi, ikiuliza "habari ya asubuhi," nao wakaijibu kwa adabu. Nzuri. Uso unaocheka. Simu ikaandika nzuri, ikaaga, ikaenda kutoa hongera.

Tuliingia ndani. Mama yake Wesley alileta chai, kisha maziwa ya kibuyu, mursik, na sikukataa kimoja. Nikauliza majani yanatokaje msimu huu. Yanatoka. Nikauliza barabara itatengenezwa lini. Akaguna, tukaisema vibaya serikali kwa pamoja, jambo linaloleta watu karibu. Nikauliza habari ya ng'ombe.

"Nimepelekea Josphat, kaka yangu."

"Amekwama?"

"Hapana. Nilionelea tu akae naye."

"Akae naye mpaka lini?"

Alitazama nje, upande wa zizi. Chebet aliweka kikombe chini. Nilimwomba Wesley tutoke mimi na yeye, tukaketi kwenye gogo kando ya zizi tupu, na nikamuuliza kama tunavyofundishwa kuuliza, waziwazi, bila kuzunguka tena.

"Wesley, unafikiria kufa?"

"Ndio, Sister."

"Tangu lini?"

Alikwaruza tope kwenye gumbuti yake kwa kijiti. "Mambo yenyewe ni ya zamani. Lakini nilikuwa nasema, ngoja kwanza nifike kwa Sister, nione. Nilikuwa nangoja hiyo. Halafu simu ikasema nimepona." Akatupa kijiti. "Nikasema, kama hii ndio kupona, sasa nangoja nini ingine?"

Nimesoma vitabu vingi vya taaluma hii, na vingine nimejifanya nimesoma. Hakuna sentensi iliyowahi kunikaa kifuani kama hiyo. Foleni tuliyokuwa tukiiona kama aibu ya hospitali ndiyo iliyokuwa imemshikilia. Alikuwa na zamu, na zamu ni kitu cha kuamkia. Tukamnyang'anya kwa hongera.

"Hujapona," nikamwambia. "Simu ilikosea, na waliofanya ikosee ni sisi. Uko kwenye foleni, na leo umefika mbele."

"Mbele kabisa?"

"Hakuna mtu mbele yako."

Yaliyofuata ni kazi, na nayaandika kwa sababu kazi ndiyo iliyomwokoa, si maneno yangu. Tulimpigia Josphat, akaja na trekta, na amemfunga ng'ombe nyuma bila kuulizwa. Tuliongea sote nje, kwa uwazi, ni vitu gani viondolewe nyumbani na nani atakaa na Wesley saa zipi. Mama yake aliambiwa ukweli na hakuanguka, akina mama hawaanguki kama tunavyohofia. Kisha tukaenda kulitoa gari, maana nilitaka Wesley aonane na daktari jioni hiyo hiyo. Nikakaa kwenye usukani, Josphat akavuta, nami nikakanyaga mafuta kwa roho yangu yote.

"Acha mafuta, Sister," Wesley akasema kutoka pembeni. Sauti ilikuwa nyingine, sauti ya mtu wa kazi. "Utachimba kaburi la gari hapo. Gia ya pili. Pole pole. Shika usukani kama umeshika yai. Sasa."

Gari likatoka. Hakuomba kuendesha na sikumwambia aendeshe. Alikaa nyuma, mkono wa Chebet gotini pake, na kwenye ile kona alifumba macho. Nikasikia akipumua ndani, akipumua nje, kwa lafudhi yangu.

Nafasi yake ilikuwa tayari na mtu mwingine, ambaye naye alikuwa na haki nayo. Kwa hiyo nilimwona asubuhi kabla ya kliniki kufunguliwa, mwenye kudeki akipitisha ufagio chini ya viti vyetu. Sikumwomba mtu ruhusa. Umri ule nilikuwa nimegundua kwamba ruhusa nyingi ni za wanaopenda kungoja.

Kisha nikaenda kwa mkubwa wangu, nikamwambia kila aliyepewa hongera lazima apigiwe na mtu. Akaniuliza kama najua hilo litaufanya nini ule mchoro. Nikamwambia najua. Tuliwapigia, mimi na Nelly, ambaye wakati huo alikuwa amekuja kwa mafunzo ya kazi, tukigawana simu na chumba. Baadhi walikuwa wamepona kweli. Mama mmoja wa Chepseon alinikasirikia: "Sister, mbona hutaki nipone? Nimeshapona, niache nichume kabeji." Nikamwacha na kabeji zake. Lakini wengine walinyamaza kwenye simu, ukimya ule ambao kazini mtaujua, na hao wakarudi kwenye foleni.

Brian alikuwa mgumu zaidi. Tuliongea kwa video, uso wake ukigandaganda.

"Madam, maswali yakiwa mengi, watu wataacha kutumia."

"Sitaki mengi. Nataka simu isalimie kwanza, ijibiwe, na lile jibu lisiandikwe popote. Iulize habari ya mvua. Iulize ng'ombe, au majani, au watoto. Ndipo iulize: na wewe mwenyewe, usiku ulilala?"

"Simu iulize ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Hiyo si clinical, Madam."

"Brian, mama yako akikupigia anaanza na nini?"

Alicheka kidogo. "Anauliza kama nimekula."

"Ukimwambia umekula?"

"Anauliza nimekula nini."

"Halafu?"

"Halafu ananishika nikidanganya." Uso wake ukaganda, na safari hii sidhani ulikuwa mtandao. "Sawa. Lakini nipee muda."

"Muda ndio watu wangu hawana. Uzime ule utaratibu wa hongera leo, hayo mengine yachukue muda."

Aliuzima siku hiyo, na nampa heshima yake kwa hilo. Simu ilipojifunza adabu, mstari kwenye mchoro ulishuka vibaya, na foleni ikarefuka kuliko mwanzo. Mkubwa wangu aliubandua ukutani. Nikauomba, nikaubandika kwangu. Ulikuwa wa kwanza niliouamini. Foleni ndefu ya watu wanaosema ukweli ndiyo iliyompa hospitali sababu ya kumwajiri Nelly kikamilifu, baada ya mimi kugonga milango mpaka makarani wakanijua kwa hatua zangu. Na hakuna tena anayetolewa kwenye foleni bila kusikia sauti ya mtu. Nelly, hilo ukilegeza, nitakuja na mwavuli wangu.

Wesley alifika wiki baada ya wiki. Kulikuwa na asubuhi ambazo hakusema kitu, na asubuhi ambazo alisema jina la yule tanboi tangu mwanzo hadi mwisho. Siku moja tulikwenda pamoja hadi kwenye ile kona tukasimama kando, majani ya chai yameloa pande zote, akanionyesha lori lilivyotoka. Alichoka siku hiyo kama aliyelima. Simu yake niliiacha iendelee kumuuliza mvua na ng'ombe. Alisema inamchosha, lakini aliijibu.

Ilikuwa juma langu la mwisho kazini, nikipanga vitu kwenye katoni, simu yangu ilipolia. Alikuwa Wesley, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo wa injini kubwa. Nikajua ni injini ya lori, nikaiacha katoni wazi.

"Habari ya asubuhi, Wesley?" nikasema.

"Mbaya kidogo, Sister," akajibu.

Nikaketi.

"Nimesimama hapa juu ya kona. Ndio mara ya kwanza na mzigo. Nimepumua hiyo yako yote imeisha. Nilitaka tu kukuambia ni mbaya."

"Asante kwa kuniambia. Unataka kushuka garini?"

"Hapana. Gari iko na majani, na majani haingoji." Nikasikia gia ikiingia, ya pili. "Kaa tu hapo kwa simu. Usiongee."

Nikakaa. Nelly aliingia kuuliza jambo, nikainua mkono, akasimama mlangoni. Mama yangu angeniambia yule ni mtu asiyefunzwa, anayejibu salamu kwa ubaya. Injini iliguna, ikapanda, ikashuka polepole kwa muda ulioonekana kuwa mrefu kuliko foleni zangu zote, kisha ikabadilika sauti, kama inavyobadilika lori likifika tambarare.

"Sasa habari nzuri," Wesley akasema, akakata simu.